Ng'ombe wa Mzee Nkwabi Hawakuwa na Ugonjwa

Rena mama yangu,

Habari za blanketi, ndoo na vyeti sitazigusa. Mama yako ameshazimaliza, na leo asubuhi, kabla hujaenda Sanje kumuaga bibi yako, nilimsikia akikurudia kwa mara ya tatu namna ya kufunga begi ili zipu isiachie njiani. Huko Morogoro utakula, utalala na utafua kama wanavyofanya wenzako. Ninaandika mchana huu kwa sababu nyumba imetulia, mama yako yuko kwa kina mama wa jumuiya, na wewe hutarudi mpaka gari la jioni. Karatasi hizi nitakupa mkononi ukishakula. Kwa mdomo nimejaribu mara mbili wiki hii, na mara zote mbili nimeishia kukuuliza kama umenunua sabuni.

Nimekuwa nikiifikiria barua hii tangu Jumapili. Jumuiya walipokuombea safari baada ya misa, katekista alikuuliza kwa nini umechagua kusomea mifugo na siyo uuguzi kama binti wa jirani. Ukasimama, ukasema mbele ya watu wote: "Nilipokuwa darasa la tatu niliona ng'ombe wa Mzee Nkwabi wanakufa, na hakuna aliyejua ni ugonjwa gani. Nataka niujue." Watu wakapiga makofi. Mama yako akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Mimi nilipiga makofi kuliko wote, na mikono ikawa inaniuma mpaka tunafika nyumbani.

Ng'ombe wale hawakuwa na ugonjwa, Rena. Niliwaua mimi.

Nimeiandika sentensi hiyo mapema nisije nikapata nafasi ya kuizunguka. Nimeizunguka miaka kumi na nimechoka. Sasa nivumilie nikueleze taratibu, maana hata mimi kuna mahali bado sijielewi.

Unakumbuka tulivyokuwa tunahamia shambani kila mwaka mpunga ukianza kubeba, kule ng'ambo ya Kivukoni, tukakaa kwenye kibanda mpaka mavuno yaishe. Wewe ulikuwa unaamia ndege juu ya dungu, lile jukwaa letu la miti, na kopo lako lenye mawe, na kelele zako zilikuwa zinafika hadi kwa jirani. Jirani mwenyewe ndiye Mzee Nkwabi, Msukuma aliyeingia bonde letu na ng'ombe wachache kabla wewe hujazaliwa. Kila mwaka alisubiri tuvune, kisha akaja na kofia mkononi kuomba ng'ombe wake waingie kula mabua. Hakuwahi kuingiza hata ndama mmoja kabla ya kuomba. Sisi tulipata samadi na maziwa, yeye akapata malisho, na wewe ukampata Kabula, binti yake, mkawa hamwachani.

Na mimi kule nilikuwa mtu wa tahadhari. Sikujipachika jina hilo, nilipewa. Mwaka mmoja mamba alimjeruhi mama mmoja mguu akichota maji mtoni. Wanaume wakakaa kusikitika, mimi nikaingia porini na panga nikakata miti, nikawaita wenzangu tukajenga uzio ndani ya maji ili wanawake wachote bila hofu. Kuanzia hapo mtoto akisogelea mto anaambiwa, nitakusemea kwa Baba Rena. Nilijua kiboko anatokea wapi, nilijua tembo wakishuka wanafuata njia ipi, na nilikuwa nikitazama wingu juu ya milima ya Udzungwa nawaambia watu wahamishe vitu vyao. Wakati mwingine nilikosea, lakini walihamisha tu. Nilijiona mwalimu wa hatari zote za bonde hili.

Lakini chini ya kitanda chetu pale kibandani, pembeni ya gunia la unga, kulikuwa na chupa ya dawa ya viwavi vya mpunga. Niliichanganya kwa kijiti, na kijiti kikipotea niliichanganya kwa mkono. Nilipulizia nikiwa peku, upepo ukinirudishia usoni, kisha nikachoma mahindi kwa mikono ileile nikakupa. Jioni kichwa kikigonga nilisema ni jua. Kipimo chetu kilikuwa harufu: harufu ikiisha, tunahesabu dawa imeisha. Chupa ile haikuwa na meno, haikunguruma, haikuwahi kumvuta mtu mguu, na zaidi ya yote ilikuwa inatuletea mpunga nyumbani. Sikuwahi kuipa hata nafasi moja katika orodha ya vitu vya kuogopa.

Mwaka ule wa darasa la tatu ulikuwa mwaka wa komunyo yako ya kwanza. Hapa mtaani kwetu Ifakara, jirani alikuwa amechinja mbuzi wawili kwa ajili ya mtoto wake, na maneno ya mbuzi wale yalikuwa hayajaisha vibarazani. Nilivimba. Nikaona binti yangu atavaa gauni jeupe watu waje wale maharage, kesho yake wacheke? Nikaapa watakula samaki mpaka wasukume sahani.

Kule bondeni, mto ukirudi mahali pake unaacha madimbwi na samaki wanabaki humo. Wewe uliukuta utaratibu wa wazee ukiwa bado hai, kwamba dimbwi kubwa halivuliwi na mtu mmoja. Inapangwa siku, wanawake wanaingia kwa mstari na vikapu, wanaume wanategesha mitego ya migono, kila kaya inapata, na wale wadogo wanabebwa kwa ndoo kurudishwa mtoni wakakue. Mwaka ule siku ilikuwa imepangwa wiki moja baada ya komunyo yako. Wiki moja tu, Rena. Ningeweza kwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi nikamweleza, naye angeweza kuisogeza, au tungekula maharage na hakuna ambaye angekufa. Sikwenda. Niliona aibu kuomba.

Mjomba wako Desideri ndiye aliyeniambia kuna njia ya haraka, ameiona mahali. Simtupii lawama, kwa sababu yeye alisema na mimi nikafanya. Alhamisi mchana, watu wakiwa wamejipumzisha, tulikwenda dimbwini na ile chupa. Desideri alisema kidogo kinatosha. Mimi nikaona dimbwi pana, nikamimina chupa nzima. Haukupita muda samaki wakaanza kupanda juu wakizunguka ovyo, kambale, perege, na vidogo visivyofaa hata kwa mboga. Vyura nao wakaelea matumbo juu. Tulichagua wakubwa tukajaza magunia mawili, waliobaki tukawaacha. Nikiwa napasua samaki niwabanike niliwatupia bata wetu matumbo, nikangoja. Asubuhi bata walikuwa wazima, wanapiga kelele za njaa. Nikajiambia basi, hakuna tatizo. Hicho kikawa kipimo changu cha pili, baada ya harufu.

Asubuhi hiyo ya Ijumaa nilikuwa juu ya dungu nafungua kamba zake, maana mavuno yalikuwa yamekwisha. Nikaona ng'ombe wa Mzee Nkwabi wanashuka kuelekea dimbwini. Nyuma yao mko wewe na Kabula, mmefunga shule, mnamswaga yule ndama mwenye kichwa cheupe mliyempa jina la Sista kwa sababu alionekana amejitanda kitambaa kama masista. Ulivua kandambili ukaziacha ukingoni. Mguu mmoja ulikuwa umeshauingiza majini.

Nikapiga kelele, "Rena, toka majini! Kuna mamba!"

Labda unakumbuka. Labda hata ulishangaa, kwa sababu dimbwi lile halikuwahi kuwa na mamba na kila mtoto wa kule alilijua hilo. Lakini aliyesema alikuwa mtu wa tahadhari, kwa hiyo mlikimbia nyote wawili mkaja kusimama chini ya dungu mnahema. Ng'ombe hawakuelewa Kiswahili changu. Waliinamisha vichwa wakanywa.

Ningeweza kushuka. Palikuwa karibu, ningefika kabla hata nusu yao hawajanywa. Ningeweza kumwita Mzee Nkwabi, nilikuwa nasikia mluzi wake upande wa pili wa mabua. Nilikaa palepale na kamba mkononi. Nilijiambia harufu imeisha, nilijiambia bata wamepona. Lakini mtu anayeamini maji ni salama hamwiti mwanawe atoke. Nilijua, Rena. Nilijua kiasi cha kukuondoa wewe, na sikutaka kujua zaidi ya hapo, kwa sababu ili kuzuia ng'ombe wa mwenzangu ingenibidi niseme sababu. Na nikishaisema, kila mtu angejua nani amelimaliza dimbwi la watu wote, na yule mjenzi wa uzio angekuwa mwizi aliyetia sumu majini.

Walivyokufa sikusimulii, ulikuwepo. Mpaka jua linaelekea kuzama walikuwa sita, na Sista akawa wa saba, kichwa chake kikiwa mapajani pako. Ulikuja kibandani na mapovu ya ndama kwenye gauni, ukaniuliza, "Baba, wana ugonjwa gani?" Nikakujibu nikikutazama machoni:

"Ni ugonjwa wa kuambukiza, Wasukuma wanakuja nao. Usimguse tena Kabula."

Katika yote ya wiki ile, hilo ndilo linalonirudia zaidi. Dawa niliimwaga kwa majivuno, na ng'ombe niliwaacha wanywe kwa woga. Lakini maneno yale niliyatafuta, nikayapata, nikayaweka ndani ya mtoto wa miaka tisa aliyekuwa analia. Na wewe ulinitii. Kesho yake tunafunga mizigo kurudi Ifakara, Kabula alikuja akasimama mbali kidogo, ameshika kandambili zako ulizoziacha kule dimbwini. Ulinitazama mimi kwanza. Nikatikisa kichwa. Mtoto wa watu akaziweka chini taratibu, akageuka akarudi kwao. Mama yako alizichoma moto kwa kuogopa ugonjwa, na mimi nikasimama pale namwangalia anazichoma.

Jumapili ukapokea komunyo. Ulipendeza sana na hukucheka hata mara moja. Watu walikula samaki wakasifia, na mimi nikala wawili mbele yao, nadhani kwa kujilazimisha kuamini. Lakini wewe nilimwambia mama yako akuwekee kuku. Alisema kuku ni mmoja na ni wa padri. Nikamwambia mtoto wa komunyo anastahili kuku, nikasisitiza mpaka akanishangaa. Siku mbili zilizofuata watu kadhaa mtaani waliumwa matumbo, wakataniana kwamba walishindilia mno. Nilicheka nao. Nashukuru Mungu hakuna aliyedhurika zaidi ya hapo, na sijawahi kujua ni kwa nini nilisamehewa hilo.

Jumanne balozi akaita kikao kule shambani. Watu walikuwa wameshikwa na hofu ya kweli, usidhani walikuwa wabaya. Ng'ombe saba kufa siku moja si jambo dogo, na kila mmoja alikuwa na mtoto, mbuzi au kuku wa kumhofia. Tatizo ni kwamba hofu yao ilitafuta mahali pa kukaa, na nyumba ya Mzee Nkwabi ilikuwa tayari ina mlango wazi: mgeni, ana mifugo, lugha yake nyingine. Alisema ng'ombe wake wamechanjwa. Hakusikilizwa. Hata samaki na vyura waliokuwa wakioza dimbwini walihesabiwa ni ugonjwa uleule. Mtaalamu wa mifugo alikuwa ameahidi kuja, lakini mimi nilikuwa nimeshasema tangu Jumamosi kwamba mizoga ichomwe upesi, tahadhari, na walinisikiliza kwa sababu ni mimi. Alipofika alikuta majivu.

Ndipo balozi akanigeukia. Wewe Baba Rena ndiye jirani yake wa karibu, ni mtu makini, uliona nini? Nikasimama nikasema niliona ng'ombe wakianguka, ugonjwa wenyewe siujui. Kila neno hapo ni la kweli, waweza kuliapia. Mzee Nkwabi alikuwa amekaa kwenye nyasi mbele yangu. Alikuwa ananitazama kama anayengoja niendelee, na mimi nikakaa chini. Wakaamua ahame kabla ya mvua za mwaka unaofuata.

Siku alipoondoka nilikuwa nimerudi kusafisha shamba, akapita kibandani kwangu. Hakuingia, alisimama nje mbali ili asituletee ugonjwa, maana hata yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuuamini. Nikatoka. Akaniambia, "Baba Rena, maji ya hapa chemsheni. Lile dimbwi silielewi. Isije ikawapata watoto." Nikamwambia asante, safari njema. Akaondoka na ng'ombe wake waliobaki, na Kabula akitembea mbele yao.

Miaka iliyofuata nilijitafutia pa kujificha, na mahali rahisi palikuwa mto. Sisi watu wa bonde tumezoea kwamba maji yakija yanachukua kila kitu, takataka, mizoga, mipaka ya mashamba, kisha yanatuachia udongo mpya. Mafuriko yalipokuja nilisimama ukingoni nikasema, basi, limeoshwa. Mwaka ule vyura hawakulia upande wa dimbwi. Wenzangu waliona, wakasema ajabu, wakaendelea na kazi zao. Mwaka uliofuata walilia wachache. Mimi nilikuwa nasimama peke yangu kuwasikiliza, na kila nikisikia mmoja zaidi nilihisi nimepunguziwa kidogo. Lakini dimbwi hata lingejaa vyura tele, Mzee Nkwabi asingerudi.

Unakumbuka ulipokuwa kidato cha pili ukaja likizo ukanikuta napulizia dawa bila viatu? Ulininyang'anya bomba. Ulisimama pale umeshika kiuno kama bibi yako ukanihubiria kuhusu ngozi, mapafu na maji ya kunywa, mpaka mpita njia akasimama kusikiliza. Nilikucheka, nikakwambia kitabu hakijui kulima. Jioni hiyo nilizifukia chupa zote tupu nyuma ya kibanda, halafu nikakumbuka mahali penyewe panajaa maji masika, nikazifukua. Nilizunguka nazo shambani mpaka giza linaingia, sijui pa kuziweka, kwa sababu kila mahali nilipopatazama palikuwa na mtu au mnyama wa mtu anayepategemea. Ni siku hiyo nilipoliona bonde lilivyo. Nilikuwa na miaka arobaini na sita.

Sitaki kukufundisha kazi, utafundishwa na wanaojua. Lakini huko utakakofanya kazi utakutana na watu wa namna yangu, na utawaona wajinga. Wengi hawatakuwa wajinga. Watakwambia dawa hii haina shida, maji haya tunakunywa miaka yote, moshi huu tumeuzoea. Usiwabishie haraka. Tazama wanamwambia nani asogee. Tazama mtoto wa nani anakula kuku. Mimi nilipima hatari ile kwa usahihi kabisa, Rena, niliipima kwa mguu wako mmoja ulioingia majini. Nilichokosa hakikuwa elimu. Nilikosa kumhesabu mwenzangu, na ng'ombe wake, na vyura, miongoni mwa vitu ambavyo vikidhurika nami nimedhurika.

Na utakapoona watu wameshikwa na hofu, usiwacheke. Ila uliza kwa nini wamemwogopa huyu na siyo yule. Mamba tulimjengea uzio kwa sababu kumwogopa hakukumvunjia heshima mtu yeyote. Chupa kuiogopa kungenilazimu nibadilike mimi. Nimelifikiria hili muda mrefu nikipalilia, na sina namna nzuri zaidi ya kulisema.

Mwaka jana, sokoni, nilikutana na Msukuma mmoja aliyeleta mchele kutoka upande wa Malinyi. Tukaongea habari za mvua, nikamuuliza tu, kama mtu anayepitisha muda, iwapo anamfahamu mzee mmoja anaitwa Nkwabi. Akasema ni jirani yake. Ana ng'ombe wanne, macho yanamsumbua, na bintiye Kabula ameolewa hapohapo, ana mtoto. Halafu akaniambia kitu ambacho sikukiuliza, kwamba mzee yule huwa anachemsha hata maji ya kunywesha ndama, watu wanamcheka, anasema kule alikotoka alipatwa na ugonjwa usiojulikana. Nikanunua mchele wake, nikaja nyumbani, na nikakaa kimya mwaka mwingine mzima.

Juzi nilimweleza mama yako yote. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua bila kuinua uso, akasema, "Kumbe ndiyo maana ulinikatalia kumpa mtoto samaki." Akasema tena, "Wageni wangu walikula, mimi nilikula, ukatuangalia." Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Baadaye, akiwa anaosha mchele, akaniambia, "Mwambie kabla hajapanda gari. Akija kuyajua akiwa huko, hatarudi hapa." Tangu hapo anazungumza nami mambo ya chumvi na maji tu, na sina haki ya kulalamika.

Sikuandika ili unisamehe. Niliandika kwa sababu ulisimama mbele ya watu ukasema unakwenda kutafuta ugonjwa, na ningekuacha uutafute maisha yako yote, ukifungua vitabu na matumbo ya wanyama kutafuta kitu kilichokuwa chini ya kitanda cha baba yako. Kasomee mifugo, mama. Sababu uliyoanza nayo nimeiharibu mimi, lakini ulimshika Sista mpaka mwisho kabla ya kuwa na sababu yoyote. Hiyo hukufundishwa na mimi.

Kesho gari lako linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Palepale stendi kuna linalokwenda Malinyi, linafuata baadaye kidogo. Nitalipanda. Nimeshamwambia Desideri, amekataa kwenda, nami sikumlazimisha. Nikimkuta Mzee Nkwabi nitamwambia kama nilivyokwambia wewe, nikianzia na ile sentensi moja, nisipate nafasi ya kuizunguka. Nitamwambia maji ya ndama aache kuyachemsha. Akitaka turudi wote kwa balozi nikaseme mbele ya kikao kilekile, nitarudi naye, na akitaka kunifikisha mbali zaidi ya hapo sitabisha. Sijui kama atataka hata kunisikiliza. Kabula nitamwambia kwamba siku ile ya kandambili hukumkimbia yeye, ulikuwa unamtii baba yako.

Alfajiri nitakuwa uani, nakufungia begi kwenye baiskeli. Tangu ujue kusema hujawahi kunipita asubuhi bila kuniamkia, hata siku ulizokuwa umenuna. Kesho ukinipita bila shikamoo sitauliza. Begi nitalisukuma vilevile mpaka stendi, nikitembea nyuma yako.

Baba yako.